Utomvu wa miti kwenye gari: Namna ya kuutoa bila kuondoka na rangi

Iringa/Mbeya. Jua la saa saba mchana likiwaka Mafinga, kivuli cha msindano ni zawadi. Dereva anasogeza gari chini ya mti, anakwenda kula, anarudi baada ya saa mbili. Juu ya boneti kuna matone madogo yanayong'aa kama asali. Anagusa moja, linanata. Anachukua kitambaa kikavu, anafuta. Halitoki, linasambaa.

Mara nyingi hasara haiji na tone lenyewe. Inakuja na kinachofuata: kulikwangua kwa kucha, kulisugua kwa sabuni ya unga, au kumpa kijana wa kuosha gari thina "alitoe fasta". Tone linatoka kweli, lakini linaondoka na rangi.

Habari njema ni kwamba utomvu ukiwahiwa hutoka kwa vitu vinavyopatikana jikoni, duka la dawa au duka la vifaa vya ujenzi. Muhimu ni kujua kipi kianze na kipi kisiguse gari kabisa.

Kwa haraka

• Utoe siku hiyohiyo, au kesho yake. Kila siku ya jua inaongeza ugumu wa kazi.

• Anza na kitu laini: maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha mafuta ya kula, kisha spiriti. Usianze na kikali.

• Usitumie thina, petroli, wembe wala dodoki la waya kwenye rangi.

• Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, hasa kama gari limewahi kupigwa rangi upya.

• Ukimaliza, osha na upake waksi. Kinachotoa utomvu hutoa na kinga ya rangi.

Kwa nini Nyanda za Juu Kusini

Watu wa Dar es Salaam hulalamika zaidi kuhusu vumbi, chumvi ya bahari na kutu. Iringa na Mbeya, miti nayo ina kesi ya kujibu.

Wilaya ya Mufindi ndiko liliko Shamba la Miti Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya Serikali, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Eneo lake linazidi hekta 130,000, na mti mkuu ni msindano, ambao wengi huuita paini. Ongeza mashamba ya watu binafsi, ambayo kwa familia nyingi za Mufindi ndiyo akiba ya ada za shule na kujengea nyumba. Upande wa Rungwe kuna Shamba la Miti Kiwira.

Barabara kuu ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam hadi Tunduma, inapita katikati ya misitu hiyo. Kwa hiyo hata asiyepaki chini ya mti anaweza kukutana na utomvu njiani, akiwa nyuma ya lori la magogo yaliyokatwa asubuhi hiyo.

Kuna na suala la hali ya hewa. Iringa mjini iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini karibu mita 1,700, na Mafinga inakaribia mita 1,900. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo mionzi mikali ya jua inavyoongezeka, kwa wastani wa asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Baridi ya Juni na Julai huwadanganya wengi kwamba jua halina nguvu. Hewa ni ya baridi, lakini bati la gari lililopakiwa juani linaungua.

Utomvu ni nini hasa

Kwa msindano, utomvu ni dawa ya kidonda. Mti ukikatwa tawi, ukichubuliwa au ukitobolewa na mdudu, humwaga utomvu mahali pale ili kuziba jeraha na kuzuia wadudu na ukungu wasiingie. Joto likipanda, utomvu unakuwa mwepesi na kutiririka zaidi. Ndiyo maana matone ni mengi mchana, na ni mengi zaidi kwenye mti uliopogolewa karibuni.

Utomvu huo ni mali. Katika Sao Hill kuna wanaougema: gome hukatwa kidogo, mfuko huwekwa chini ya jeraha, utomvu unakusanywa na kuuzwa. Kiwandani hupashwa moto. Mvuke wake ukipoozwa unakuwa tapentaini, na kinachobaki chini ni rosini, kitu kigumu kama kioo cha rangi ya asali ambacho hutumika kwenye gundi, rangi, sabuni na karatasi.

Hapo ndipo siri ya boneti ilipo. Jua hufanya kazi ileile ya kiwandani, ila polepole. Sehemu nyepesi, yaani tapentaini, inapaa hewani. Inayobaki kwenye gari ni rosini. Maji hayawezi kuiyeyusha hata ukimwaga ndoo kumi, kwa sababu rosini haichanganyiki na maji. Inataka mafuta au spiriti.

Siyo kila kinachonata ni utomvu

Kabla ya kuchukua dawa, angalia juu. Mti uliopo utakuambia ulichonacho.

Msindano: Matone ya duara, mazito, yenye harufu kali ya msitu. Yakikauka yanakuwa magumu na ya rangi ya kahawia isiyokoza. Hawa ndio wabishi kuliko wote.

Mkaratusi: Hutoa gundi nyekundu iliyokoza hadi kahawia, inayoacha doa kama la chai ya rangi. Sehemu kubwa hulainika kwa maji ikiwa mbichi. Ikikaa, doa linazama.

Saipresi: Ile miti ya uzio ambayo matawi yake hukatwa kupamba nyumba wakati wa Krismasi. Ina utomvu wake, lakini mara nyingi kinachodondoka ni kazi ya wadudu.

Jakaranda: Maua ya zambarau yanapendeza kwenye picha, ila yana utamu ndani yake. Yakidondoka kwa wingi, yakalowa na kuozea juu ya gari, huacha madoa.

Mwembe na mparachichi: Chini yake gari hupata vitone vidogo vingi kama manyunyu yanayonata. Haya kwa kawaida si utomvu wa moja kwa moja.

Manyunyu hayo hutoka kwa vidukari na wadudu wengine wanaofyonza majani. Wanakunywa maji matamu ya mti kuliko wanavyohitaji, na ziada wanaitoa nyuma. Ni sukari tupu. Ikikaa, huota ukungu mweusi unaofanana na masizi.

Nyanda za Juu Kusini zina historia na wadudu hao. Kidukari wa saipresi alionekana Malawi mwaka 1986, akavuka mpaka kuingia Tanzania, na kufikia mwaka 1990 alikuwa ameshafika Kenya, akikausha miti na ua za watu njia nzima. Mwenye gari la kisasa lililopaki kando ya ua wa saipresi naye bado anaonja matokeo yake.

Kwa nini utofauti huu una maana? Sukari ya vidukari hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni tu. Anayekimbilia spiriti au mafuta ya taa kwa ajili yake anaichosha rangi bure.

Kinachotokea kwenye rangi

Rangi ya gari la kisasa ni tabaka. Juu ya bati kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi linaloipa gari mng'ao. Mafundi huliita klia. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele wa binadamu, na ndilo linalopambana na jua, mvua, kinyesi cha ndege na utomvu.

Mchana bati la gari la rangi nyeusi linaweza kupita nyuzi joto 60. Utomvu unalainika na kushikana na klia. Usiku wa Mafinga au Uyole joto linashuka, mwezi wa saba hata chini ya nyuzi 10. Utomvu unakauka na kusinyaa, ukivuta klia iliyo chini yake. Kesho yake mzunguko unaanza upya. Baada ya wiki kadhaa unakuta kishimo, duara lililofifia, au nyufa ndogo kama za udongo wa bwawa lililokauka.

Uharibifu una ngazi tatu, na kila ngazi ina bei yake:

1. Utomvu uko juu tu. Ukitoka, rangi chini ni nzima. Hapa unahitaji muda wako na kitambaa.

2. Klia imeumwa. Utomvu umetoka lakini kuna kivuli cha duara. Ukipitisha kucha husikii kitu, au unasikia kidogo sana. Hapa ni polishi.

3. Klia imepasuka au imebanduka. Kucha inakwama. Hapa ni fundi rangi, na usichelewe. Mvua za Novemba hadi Aprili zikikuta upenyo hadi kwenye bati, kutu inaanza.

Jaribio la dakika moja

Magari mengi barabarani ni yaliyotumika, yameingia nchini yakiwa na miaka kadhaa, na mengine yamepigwa rangi upya hapahapa. Rangi ya kiwandani ilikaushwa kwa joto kali na inavumilia spiriti. Rangi ya mtaani inategemea fundi alitumia nini. Baadhi ya rangi za bei nafuu hulainika zikiguswa na spiriti, hata kama zina miaka mitano.

Kwa hiyo jaribu kwanza. Fungua mlango, tafuta sehemu ya ndani ya fremu ambayo haionekani. Kama paneli yenye utomvu ilipigwa rangi upya, jaribu kwenye ukingo wa paneli hiyohiyo, maana ndani ya mlango kunaweza kuwa bado na rangi ya kiwandani. Weka spiriti kidogo kwenye kitambaa cheupe, gusa sekunde kumi, kisha futa.

Kitambaa kikibaki cheupe na rangi haijafifia, endelea. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, au sehemu ikanata, acha hapohapo. Gari hilo litumie mafuta ya kula pekee, au mwite fundi rangi.

Hatua kwa hatua: Utomvu mbichi

Huu ni ule wa siku moja au mbili, bado unanata.

1. Sogeza gari kivulini, siyo chini ya mti uleule. Subiri bati lipoe.

2. Osha gari kwanza. Vumbi la barabarani ni mchanga. Ukisugua utomvu juu ya vumbi, unapiga msasa. Tumia maji safi na sabuni ya maji ya kuoshea magari.

3. Bandika kitambaa chenye maji ya moto. Kiwe cha moto wa kuvumilika na mkono, kamua kidogo, kiweke juu ya tone kwa dakika mbili au tatu. Usimwage maji ya moto kwenye kioo cha mbele asubuhi ya baridi, kinaweza kupasuka.

4. Paka mafuta ya kula. Ya alizeti yanafaa sana na hayaumizi rangi. Acha dakika tano hadi kumi, kisha futa kwa upole kwa kitambaa laini, kama vile maikrofaiba au fulana ya pamba iliyochakaa. Geuza kitambaa kila baada ya tone ili usirudishe utomvu kwenye gari.

5. Osha tena kwa sabuni. Mafuta yakibaki yatakusanya vumbi.

Kwa matone machache ya siku hiyohiyo, kazi inaishia hapa.

Hatua kwa hatua: Utomvu uliokauka

Hapa mafuta peke yake hayatoshi. Inahitajika spiriti ya kusafishia vidonda, inayouzwa duka la dawa.

1. Fanya kwanza hatua za juu: kivuli, kuosha, kitambaa cha moto.

2. Lowesha pamba au kitambaa laini kwa spiriti, kisha kiweke juu ya tone na ushikilie sekunde 30 hadi 60. Usisugue. Kazi ni ya spiriti, siyo ya misuli.

3. Inua kwa kuzungusha taratibu. Tone litapungua kama kipande cha sabuni. Rudia mara tatu, nne, hata sita, kila mara na upande safi wa kitambaa.

4. Suuza sehemu hiyo kwa maji baada ya kila raundi mbili. Usiache spiriti ikae dakika nyingi juu ya rangi.

5. Ukibaki ukungu mwembamba, tumia mafuta ya alizeti kumalizia.

Spiriti ikishindwa, hatua inayofuata ni tapentaini ya mafundi wa rangi, kidogo sana, kwenye kitambaa na siyo kumimina. Ile ya asili hutengenezwa kwa utomvu wenyewe, ndiyo maana huuyeyusha. Mafuta ya taa nayo hulainisha, lakini huacha utando wa mafuta na harufu, kwa hiyo osha kwa sabuni mara mbili.

Yote haya yanashika moto. Usifanye kazi karibu na jiko la mkaa, usivute sigara, na usiache vitambaa vilivyolowa ndani ya buti. Anikia nje vikauke.

Vitu vya kutogusa rangi

Thina. Imetengenezwa kuyeyusha rangi, na hiyo ndiyo kazi itakayofanya. Kwenye rangi ya kiwandani huondoa mng'ao, na kwenye rangi ya mtaani inaweza kufika hadi praima. Anayeosha gari akisema anatumia "dawa", omba kuiona na kuinusa kabla hajafungua kopo.

Petroli. Watu huichovya kwa sababu iko karibu. Hulainisha klia, ngozi huiumiza, na mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo.

Sabuni ya unga na dodoki la waya. Utomvu utatoka, lakini utaona mikwaruzo ya duara kila jua linapopiga.

Kucha, kisu na kadi ya simu. Asubuhi ya baridi utomvu ni mkavu na unakatika kama pipi, kwa hiyo mtu anashawishika kuukwangua. Unapokatika huondoka na kipande cha klia kilichoshikana nao.

Kitambaa kikavu. Kinageuza tone moja kuwa utando wa kiganja kizima.

Vioo, taa na plastiki

Kioo ni sehemu pekee ambapo wembe unaruhusiwa. Lowesha kioo kwa maji ya sabuni, laza wembe mpya karibu usawa wa kioo, sukuma upande mmoja tu. Kisha malizia kwa spiriti. Safisha pia mpira wa waipa, maana ukibeba utomvu utaupaka kioo kizima siku ya mvua, usiku, lori likija mbele.

Taa za magari mengi ya sasa ni za plastiki. Thina, petroli na hata spiriti nyingi huweza kuzitia ukungu au nyufa ndogo. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni na mafuta ya kula, kwa subira. Fanya hivyohivyo kwenye bampa isiyopigwa rangi na mipira ya milango.

Mikononi, paka mafuta ya kula, sugua, kisha nawa kwa sabuni. Usinawe na petroli.

Utomvu umetoka, alama imebaki

Usikate tamaa na usikimbilie kupiga rangi gari zima. Nenda kwa ngazi.

Udongo wa kusafishia rangi. Ni kipande laini kinachouzwa maduka ya vifaa vya magari. Hupitishwa juu ya rangi iliyolowa maji ya sabuni na huokota mabaki usiyoyaona. Kikianguka chini, kitupe, maana kimebeba mchanga.

Polishi. Huondoa sehemu nyembamba sana ya klia na kulainisha kingo za alama. Anza kwa mkono. Mashine mikononi mwa asiyejua huunguza kona za paneli ndani ya sekunde.

Msasa wa maji. Fundi mzoefu hutumia namba 2000 au laini zaidi, kisha polishi. Hii siyo kazi ya kujifunzia kwenye gari la biashara.

Kupiga rangi paneli. Klia ikishabanduka, polishi haiirudishi. Kabla ya kukubaliana bei, muulize fundi mambo matatu: anatumia rangi ya aina gani, atapiga klia juu, na atalinganishaje rangi na paneli za jirani. Mwambie akuonyeshe gari alilopiga mwaka jana, siyo la jana.

Swali la mwisho lina pesa ndani yake. Anayekagua gari la kununua huangalia bodi kabla ya injini. Akikuta boneti ina rangi tofauti kidogo na milango, hatafikiria msindano. Atafikiria ajali, na bei itashuka kwa ajali ambayo haikutokea.

Bima inalipa?

Bima ndogo, ile ya lazima, hushughulikia madhara uliyowasababishia wengine. Rangi ya gari lako haimo. Bima kubwa hulipa uharibifu wa gari lako, lakini mikataba mingi huondoa uchakavu wa polepole, na utomvu uliokaa wiki tatu unaingia huko kirahisi. Soma mkataba au muulize wakala kabla, siyo baada.

Tawi likivunjika na kuangukia gari ni suala jingine. Piga picha kabla hujalisogeza.

Namna ya kujikinga

Chagua kivuli. Angalia chini kabla ya kupaki. Ardhi au lami yenye madoa meusi yanayonata inakuambia kila kitu. Epuka msindano uliopogolewa karibuni. Kivuli cha ukuta au cha jengo hakidondoshi kitu.

Paka waksi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu inatosha kwa wengi. Waksi haizuii utomvu kudondoka, lakini tone linashika waksi badala ya klia, na hapo unapata siku za ziada.

Funika, lakini kwa akili. Turubai juu ya gari lenye vumbi, likipigwa na upepo, linasugua rangi usiku kucha. Osha kwanza, funika kwa kitambaa laini, funga vizuri.

Acha nafasi nyuma ya lori la magogo. Kwenye vilima vya Mufindi hiyo ni kanuni ya usalama kwanza. Magome, vumbi na mawe yakirushwa, rangi ni hasara ndogo kuliko zote.

Ukibeba mbao mbichi, tandika. Anayenunua mbao Mafinga na kuzifunga juu ya gari aweke turubai au maboksi chini, na azitoe akifika. Mbao mbichi zinaendelea kutoa utomvu hata baada ya kupasuliwa, hasa kwenye mafundo.

Weka kifurushi ndani ya gari. Chupa ndogo ya mafuta ya alizeti, vitambaa viwili safi na chupa ya maji. Spiriti ibaki nyumbani, gari likikaa juani siyo mahali pake.

Osha mbali na mto. Spiriti, tapentaini na mafuta ya taa havitakiwi kuishia Ruaha Mdogo wala kijito chochote cha Mbeya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Osha nyumbani au kwenye kituo chenye mfereji na shimo la maji machafu.

Ukaguzi wa jioni

Kwa dereva wa teksi au mwenye Noah ya abiria, gari ndiyo ofisi, na rangi yake ndiyo kibao cha mlangoni. Ukaguzi hauchukui hata dakika tatu: zunguka gari jioni kabla ya kulala, pitisha kiganja kwenye boneti, paa na buti. Mkono huona haraka kuliko jicho.

Ukikuta kinachonata, usingoje Jumapili. Chemsha maji, chukua mafuta jikoni, na umalize usiku huohuo. Kesho jua likitoka Loleza au Mufindi, likute boneti safi.